Rufus Mwakio Mwadime na Rafu ya Vikombe, 1958–2008

Rufus Mwakio Mwadime alizaliwa tarehe 12 Aprili 1958 huko Mbololo, Taita. Alisoma shule ya msingi huko huko, kisha sekondari Voi hadi kidato cha pili, baba alipofariki. Akajifunza useremala kwa mjomba wake.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na Rachael Wakesho, wakajaliwa mtoto mmoja, Jeff.

Mwaka 1993 alikuja Maskati kufanya kazi katika duka la fremu la Mzee Thabit, Hamriya. Huko, mwaka 1999, daktari mmoja mzee alileta karatasi itiwe fremu. Ulikuwa mwandiko wa mkono wa mwanasayansi mashuhuri wa Ulaya, ulioandikwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kabla ya vile vya pili. Daktari alimweleza maana yake: mwanasayansi alitumaini kwamba watoto wa nchi zilizopigana wataketi pamoja, bila kuulizana baba zao walikuwa upande gani. Rufus akaomba nakala. Yeye aliyetia fremu picha za watu wote, ya kwake aliibandika kwa selotepu, juu ya rafu ya vikombe.

Rafu hiyo wengi wenu mnaijua. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku, Wakenya tulisali nyumbani kwake, na kila familia iliacha kikombe chake pale. Januari mwaka huu, habari za mapigano ya nyumbani baada ya uchaguzi zilipotufikia, watu walianza kuulizana makabila. Ijumaa moja kila mtu akachukua kikombe chake. Elkana, rafiki yake mkubwa, alitoka wa mwisho.

“Huyo mzungu wako aliandika, Rufus, na vita vya pili vikaja vilevile.”

“Vilikuja. Sasa wewe, unaacha kikombe au unakwenda nacho?”

Akaenda nacho.

Rufus hakubandua karatasi. Kila Ijumaa aliendelea kupika chai sufuria nzima, mkewe na dada yake, waliokaa naye, wakainywa hadi wakachoka.

Mwezi Mei aligundulika ana saratani ya ini. Dada yake alikuwa ameshamwona akificha chini ya mkate chakula kilichomshinda kula. Kifo hakikumtisha sana. Alichohofia ni kutuacha hatujapatana. Akampigia simu kila mmoja. Hakuhubiri, aliuliza tu habari za watoto.

Septemba, Elkana alibisha hodi na kikombe kimefungwa kwenye gazeti.

“Chai yako imepoa, bwana,” Rufus akamwambia. “Tangu Januari.”

“Ipashe moto basi.”

Wengine walifuata, Ijumaa baada ya Ijumaa. Rufus hakuweza tena kunywa, lakini aliomba kitanda kigeuzwe aione rafu.

Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2008. Waliobeba jeneza lake leo wametoka pande zote.

Ameacha mama yetu mzazi kule Mbololo, mjane Rachael, mwana Jeff, na mimi dada yake, Pauline.

Mwakio, lala kwa amani. Chai tutapika sisi.