Chumba Kisichotoa Sauti

Mama aliyeketi nyuma ya wanaume wawili kwenye basi alianza kusikiliza pale seremala mwenye penseli sikioni alipolinusa kopo la jirani yake. "Gundi hii unabandikia nini, ndugu yangu?"

"Sponji za godoro, fundi, ukuta mzima. Natengeneza studio ya kurekodia kwaya yetu."

"Sponji hiyo inashika moto kama karatasi, na gundi yenyewe inalevya. Dirisha umeacha wazi?"

Mwenye kopo akacheka. "Studio gani ina dirisha? Nimeliziba kwa mbao. Mke wangu yumo ndani anamalizia kopo la kwanza, na mlango kaufunga vumbi lisinase."

Seremala hakucheka. "Mpigie."

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mama akajikuta anamwombea kimoyomoyo mwanamke asiyemjua hata jina.

"Labda simu kaiacha sebuleni," mume alisema. "Jana tulijaribu chumba, fundi. Alipiga kelele humo ndani nami nimesimama mlangoni, nisisikie kitu. Tukapongezana."

Basi likasimama. Alishuka mbio, simu sikioni, na kopo likabaki kwenye kiti. Hakuna aliyeligusa.