Visiwa Ambako Shamba Haliuzwi

Kijiwe chetu pale Kibiti kilikuwa magogo mawili ya mkoko mbele ya nyumba ya Mtoro muuza kahawa, kando ya njia ya kuteremkia mtoni. Mwaka ule wa vita vya Maji Maji tulikuwa tukitoka kwenye shamba la pamba la jumbe, tulilolimishwa kwa amri ya Mdachi, vidole vimechanika kwa maganda makavu, tunapitia hapo kwa kahawa ya tangawizi na kubishana mpaka alasiri. Alikuwepo Bushiri, nduguye jumbe, ambaye kazi yake ilikuwa kutuonyesha nani alime wapi; tulimwita Mizani, maana hatoi neno mpaka alipime. Alikuwepo Shaabani Ngoja, ambaye kila akitaka kumkatiza mtu husema ngoja kwanza. Na alikuwepo Miraji Makaa, aliyetia makaa kwenye meli za Wadachi miaka mingi, akarudi kwao na kikohozi kisichopona. Mimi nilikuwa nasuka makuti huku nawasikiliza.

Siku ninayoisimulia hatukuanza na utani. Watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wameshakunywa maji ya dawa na kuinuka, na askari wa Mdachi walikuwa wakiwafuata huko huko milimani. Mjumbe mwenye maji alishafika Mtunda, na ilisemekana kesho yake yuko kwetu. Shaabani alikuwa amekwisha kuamua kunywa. Alisema amechoka kulima pamba ambayo haivai wala haili, na kama maji yale yanaigeuza risasi kuwa maji, basi heri ayanywe leo kuliko kesho. Bushiri alimwuliza ni nani aliyemwona kwa macho yake mtu aliyepigwa risasi akainuka.

Hapo Miraji akaweka kikombe chini, akasema yeye ameiona nchi ambayo Mdachi alifika akaondoka bila kuitia mfukoni, na hakuna aliyekunywa kitu.

— Nchi gani hiyo?

— Inaitwa Tonga. Visiwa vidogo, mbali sana, huko jua linakochomoza. Vya jirani, Samoa, Mdachi amevichukua. Tonga wana mfalme wao, mweusi kama sisi, ila nywele zake laini.

Akaanza kutueleza, polepole, kwa sababu ya kikohozi. Meli yao ilitia nanga huko kupakia nazi kavu, wakakaa bandarini mpaka akapata rafiki mmoja mpagazi. Huyo ndiye aliyemweleza mambo ya nchi yake. Zamani, alisema, mtu wa kawaida kule alikuwa mali ya bwana wake. Anamlimia bure, na bwana akitaka kuku au binti anachukua. Akatokea mfalme mmoja, baba wa babu yake huyu wa sasa, akatunga sheria kwamba hakuna bwana tena wa kumlimisha mtu bure. Kisha sheria zote zikawekwa pamoja, na mfalme mwenyewe akaapa kuzifuata. Wana baraza kubwa: mabwana wa koo huketi humo kwa kurithi, na watu wa kawaida huwachagua wenzao waketi nao. Mfalme ana mawaziri. Kodi wanalipa. Jumapili ni marufuku kazi yoyote, hata jembe halishikwi.

— Na ardhi, — akasema Miraji. — Ardhi haiuzwi. Mzungu akija na mali zake zote hauziwi hata pa kusimika nguzo. Kila mwanamume akitimiza umri wa kulipa kodi anapewa shamba lake na kiwanja cha nyumba. Ni haki yake, haombi.

 Kila mtu akataka kueleza imewezekanaje.

Shaabani alisema ngoja kwanza, huyo mfalme lazima ana mizinga aliyoificha chini ya miamba. Miraji akasema alikuwa na askari wachache na bendi ya tarumbeta. Shaabani akasema basi visiwa hivyo havitulii mahali pamoja, Mdachi akivirudia havioni. Mtoro, akitujazia vikombe, alisema yeye anaona ni Wadachi na Waingereza wote wawili wanavitaka, na binti mwenye wachumba wawili wenye bunduki anabaki kwa baba yake. Miraji akakubali kwamba Mtoro amekaribia, kwani miaka michache iliyopita Mwingereza amejitwalia mambo yao ya nje, lakini baraza na mashamba wamebaki nayo wenyewe. Shaabani hakutaka hiyo. Alishikilia kwamba wanayo maji yao, ila wamemficha Miraji kwa sababu alishuka kwenye meli ya adui. Bushiri alisema siri yao ni kwamba mfalme aliwahi kujifunga mwenyewe kwa sheria kabla hajafungwa na mwingine, na hapa kwetu hajatokea jumbe wa namna hiyo. Alisema hayo akiangalia chini, maana jumbe ni nduguye.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama njiani na mtoto mgongoni. Mtoro alimpa maji, akamkaribisha aketi. Jina lake Zabibu, ametoka milima ya Kimatumbi, amevuka mto kwa mtumbwi wa watu. Alipoulizwa habari za huko alijibu kwa ufupi. Mumewe alikunywa maji, akaenda na wenzake, akapigwa risasi ya kifua. Nyumba zimechomwa na ghala zimechomwa. Hakulia alipokuwa anasema. Shaabani alikigeuza kikombe chake mikononi, asimwangalie.

Tulimpa pole. Mazungumzo yakawa magumu, kisha Miraji, nadhani kwa kutaka kumtuliza, akarudia habari ya mashamba ya Tonga. Zabibu alisikiliza mpaka mwisho.

— Kaka, — akamwambia, — huko, mume akifa, mkewe anabaki na shamba?

 Miraji akakohoa. Kisha akasema:

— Sikuuliza.

Zabibu akatugeukia sisi wengine.

— Na hapa je?

Bushiri ndiye aliyestahili kujibu. Alitazama njia, akatazama mikono yake. Mtoro aliinua dele la kahawa kumjazia mtu, likatoa matone na machicha. Zabibu alisubiri muda wa kutosha, kama mtu aliyeuliza njia, halafu akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akashukuru kwa maji, akaenda kwa Mashavu, mkewe Mtoro, aliyempa pa kulala.

Mjumbe alikuja kesho yake kama ilivyosemwa. Shaabani alikunywa, akaenda, na hatukumwona tena. Mama yake aliendelea kumwekea chakula kwa muda mrefu. Sisi wengine hatukunywa, na sijui kama ilikuwa ni akili au ni woga.

Mvua za vuli zilipoanza, Zabibu aliazima jembe la Mashavu. Kwenye pembe ya shamba la pamba iliyoelekea njia, aling'oa mashina ya zamani akapanda mahindi na kunde, mchana kweupe, kila mpita njia akimwona. Jumbe alipopata habari alimtuma Bushiri akamtoe. Niliongozana naye. Alisimama ukingoni mwa tuta, Zabibu akainua kichwa, akamsalimu, akaendelea kufukia mbegu kwa mguu huku mtoto amelala kwenye kivuli cha kanga iliyotandwa juu ya vijiti.

Tulirudi. Jumbe alikuwa barazani kwake, akauliza imekuwaje.

— Nimekwenda mpaka mwisho wa shamba, — akasema Bushiri. — Sikumkuta mtu.