Unene wa Mpira Ulipokuwa Mpya

"Mupira huu, wakati ulikuwa mupya, ulikuwa na unene gani?"

Ndivyo alivyouliza Havyarimana, fundi wa kumimina mpira pale bandarini Kalundu, miaka kumi na moja iliyopita, na hakuna muntu aliyemjibu. Sikilizeni wanangu, Iddy na Ayoubu, na weye Sofia mjukuu wangu, unayewashinda wenzako kwa hoja kule chuoni: leo minye Aziza nitamjibu. Sogeeni karibu, sauti yangu imekuwa kama ziwa la alfajiri, inapumua tu, haipigi ufuko.

Mnakumbuka baba yenu Sumaili alivyoinunua ile gari ya jipu ya jeshi kwenye mnada wa vyuma chakavu, jipu yenye umri mkubwa kuliko yeye, akaitengeneza miaka tisa, boliti kwa boliti, hakubali kitu cha kubahatisha. Ilibaki mipira miwili tu ya kubadilisha, ile inayobeba moteri, chuma juu, chuma chini, mpira katikati, ili moteri itetemeke peke yake bila kuisumbua gari. Ndipo ugonjwa ukamwangusha. Alitaka jambo moja: apande jipu yake mpaka Bwegera, auone mpunga wake ungali kijani. Basi nikaifungua mipira ya zamani nikampelekea Havyarimana kama kielelezo, maana ndivyo tunavyonunua huku kwetu, unaonyesha kilichochakaa unasema, nipe kama hiki.

Akauliza swali lake. Minye nilikuwa na haraka, na haraka yangu ilikuwa na mdomo. "Fundi, nimekuletea kitu chenyewe, weye unaniuliza utoto wake? Fanya kama unavyokiona." Wapagazi wakacheka. Akapima, akamimina, akanipa mipira iliyofanana na ile ya zamani kama mayai ya kuku mmoja.

Tukaifunga, tukampakia baba yenu, tukashika njia ya Bwegera. Tulipita Sange kidogo tu. Moteri ilikuwa imekaa chini kwa upana wa kidole, feni ikala radiateri, maji yakamwagika barabarani, na baba yenu akautazama ule mvuke unapanda akadhani ni ukungu wa mashambani. "Aziza, tumefika?" Nikasema tumefika. Iddy, weye ndiye uliyemrudisha nyumbani kwa pikipiki, amekuegemea mgongoni. Siku ya nne tulimzika.

Arobaini ilipopita nikashuka Kalundu na hasira yangu, nikamsimamisha Havyarimana mbele ya watu wote. "Kilichoharibika kimetoka mkononi mwa nani? Mwako. Basi ni nani aliyemnyima mume wangu mpunga wake?" Hoja ilisimama wima, nami, Mungu anisamehe, niliionea utamu. Yeye akasema, "Mama Iddy, niliuliza." Nikamwambia kuuliza si ufundi, ufundi ni kujua. Watu walipiga makofi. Tangu siku ile hakuna aliyempelekea kazi. Akafunga vifaa vyake, na leo iko Kiringye, analima mashamba ya wengine.

Miaka miwili iliyopita, mjane wa askari mmoja kule Bwegera alinifungulia sanduku la marehemu wake, akatoa mipira miwili ya jipu ileile, haijawahi kufungwa, ingali ndani ya karatasi ya grisi. Nikaiweka mkekani kando ya ile ya zamani. Ile mipya ilizidi unene kwa kidole kimoja. Wanangu, miaka yote ile ya kubebeshwa moteri ilikuwa imeukandamiza mpira, ukapungua polepole pasipo jicho kuona, na minye nilimpelekea fundi uchovu wake, nikataka aniigizie uchovu. Nikavifunga vyote ndani ya kitenge, viko chini ya kitanda hiki. Miaka miwili ninalala juu ya jibu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Nikifumba macho sasa naisikia jipu inatembea chini ya maji, taratibu, samaki wanaipisha, moteri haitetemeshi hata tone. Sumaili ameshika usukani. Hapigi honi. Anangoja nimalize.

Nyumba mgawane kama dini inavyosema, msinitie aibu kwa kugombea vyumba. Jipu isiuzwe. Mipira mipya ataifunga Havyarimana kwa mkono wake, palepale bandarini, wapagazi wanaangalia, na kabla hajakaza boliti ya kwanza, Sofia, weye uliyerithi mdomo wangu, usimame useme: bibi yangu alikosea, fundi aliuliza. Usitie "lakini." Najua unavyoipenda "lakini." Kisha mpande naye hadi Bwegera, mkautazame mpunga kwa ajili ya yule niliyemdanganya kwamba tumefika.

Mungu awape masikio kabla ya maneno. Asiwapime kwa siku mliyochoka, na nyinyi msimpime muntu hivyo, hata minye... hata mama yenu.

Hapana, maji sitaki. Iddy, baba, pikipiki iko na mafuta? Nenda Kiringye, uniletee Havyarimana.