Msaada Unakuja: Maisha ya Mzee Rudia, Mwendesha Redio

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza baba yetu.

Marehemu, ambaye nusu ya mliopo hapa mlimjua kwa jina la Mzee Rudia na hamkuwahi kuuliza jingine, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1955 katika nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa pili wa fundi wa tanuri na mama mshonaji. Nyumba ile ilibomolewa zamani, lakini ukuta wa kiwanda bado upo, na kila alipopita hapo aliugonga kidogo kwa kiganja, akaendelea na safari yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1974. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hatutamsingizia. Ila mwalimu mkuu alimchagua yeye kupeleka ujumbe darasa hadi darasa, kwa sababu, kama shangazi anavyosema, alikuwa mtoto pekee ambaye habari haikuongezeka chumvi mdomoni mwake. Mwaka 1975 akajiunga na jeshi, akapelekwa chuo cha mawasiliano, na huko akafundishwa sheria iliyomtawala hadi mwisho: ukipokea ujumbe, urudie kama ulivyo kabla hujaupeleka. Sisi watoto tuliionja sheria hiyo. Ukitumwa dukani kununua sabuni na kiberiti, hutoki mlangoni hadi useme, "Sabuni mche mmoja, kiberiti kimoja." Majirani walicheka, na jina likamganda.

Mama yetu alikuwa opereta wa simu posta. Baba alimfahamu kwa sauti miezi saba kabla ya kumwona kwa macho. Siku aliyomwomba amuoe, laini ilikuwa mbovu au mama alijifanya ni mbovu, maana alimjibu neno moja tu, "Rudia." Akarudia mara tatu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Disemba 1982, wakajaliwa watoto wanne, na hatukumbuki siku waliyoachana bila kuagana.

Kazi iliyomjenga baba, na iliyomvunja, ni ya kulinda amani nchi za watu, katika kikosi cha mataifa mengi. Safari ya kwanza ilikuwa mwaka 1989. Huko vita vilikuwa vimechosha pande zote mbili, na kikosi kilikuja kusimamia makubaliano. Baba alisimulia jinsi wapiganaji walivyopanga foleni kukabidhi bunduki, wengine wakizifuta vumbi kwanza. Siku ya uchaguzi alipokea kwa redio matokeo ya vituo thelathini na kimoja, akayarudia yote bila kukosea tarakimu. Nchi ile haijarudi vitani hadi leo. Kila mtu alipodai mbele yake kwamba walinda amani ni watalii wenye kofia za chuma, baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kwa upole kama amewahi kuona shule ikifunguliwa baada ya miaka tisa.

Safari ya pili ilikuwa mwaka 1997. Ndugu zangu, hapa ndipo ilipo sababu ya mimi, binti yake wa kwanza, kusimama mbele yenu na karatasi hii.

Aya inayofuata aliiandika baba mwenyewe katika daftari la mjukuu wake, miezi mitatu iliyopita, wakati saratani ya koo ilipokuwa imeshamnyang'anya sauti. Chini yake akaandika: isomwe siku ya kuzikwa, kama ilivyo. Alhamisi tulikaa sebuleni kuijadili. Baba mdogo, ambaye naye alivaa magwanda miaka ishirini, aliikataa. Alisema mazishi si mahakama, na tangu lini mjumbe akauawa. Mama alikuwa akilikunja na kulikunjua shuka la marehemu. Kisha akasema, "Mjumbe hauawi akifikisha alichotumwa. Mume wangu anasema siku moja alifikisha ambacho hakutumwa. Someni." Ninaisoma.

"Alhamisi tarehe 17 Aprili 1997, saa mbili na robo asubuhi, muuguzi wa zahanati iliyo kilomita kumi na moja kutoka kambini kwetu aliita kwa redio. Wenye silaha walikuwa wanakuja, na kwake walikuwa wamekimbilia watu mia moja na arobaini. Sisi tulikuwa askari kumi na wawili na magari mawili. Nilipeleka ujumbe makao makuu. Wakajibu: subirini maelekezo. Na wao walikuwa wanayasubiri kutoka ng'ambo. Mkuu wetu hakuruhusiwa kutoa gari bila amri. Saa tatu kasorobo muuguzi aliita mara ya tatu. Alisema, 'Kaka, mnakuja au hamji? Njia ya nyuma kuelekea mtoni bado iko wazi.' Nilitakiwa kumwambia: tunasubiri maelekezo. Niliona ni maneno ya kikatili. Nikamwambia, 'Msaada unakuja, dada. Kaeni hapo hapo.' Akairudia kauli yangu, akashukuru. Amri ilitoka saa nane mchana. Tulifika saa tisa. Waliokufa ni thelathini na saba. Ningemwambia ukweli, wangepita mtoni. Katika kitabu cha redio sikuyaandika maneno yale."

Hapo ndipo mwisho wa maneno yake.

Tume ilikuja. Ikaandika kwamba amri ilichelewa kwa sababu wakubwa walibishana juu ya nani ana mamlaka ya kuitoa. Ni kweli, na mimi kama mwanawe nina hasira nayo hadi sasa: ngoja ngoja yao iliumiza matumbo yasiyo yao. Tume ikasoma kitabu cha baba, ikakikuta safi, ikampa cheti cha kutekeleza wajibu. Hakuna aliyemuuliza alimwambia nini muuguzi, na muuguzi alikuwa hospitalini na risasi ya bega. Cheti kile tulikikuta juzi, kimelazwa kifudifudi chini ya droo ya vifaa vyake.

Alistaafu mwaka 2003, akawa fundi wa redio katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, mnachokijua. Ninyi mlimwona mtu mpole mwenye bisibisi sikioni. Sisi tulimwona kila tarehe 17 Aprili akifunga chumba kile asubuhi na kumwandikia barua yule muuguzi. Ziliandikwa barua ishirini na sita, ya kwanza mwaka 1998 akiwa bado jeshini. Mwaka 2009 lilikuja jibu, la pekee. Liliandikwa: "Barua zako zote nimezipokea. Sina la kukujibu. Usiache kuandika." Baba alilisoma, akaketi kitandani, akalia mbele yetu kwa mara ya kwanza. Nilimuuliza kama amesamehewa. Akasema hapana, amesikiwa.

Ugonjwa ulianza kama ukwaruzo wa koo mwaka 2022. Alitibiwa kwa mionzi mara mbili, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdanganya, maana hilo ndilo alilowaomba. Alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu tisa, dada yake, na mdogo wake mmoja, ambaye tangu Alhamisi hasemi nami lakini leo amelibeba jeneza kwa upande wa mbele. Ameacha pia mwezi wa Aprili, ambapo kuna mtu anayetazamia barua. Ahadi ni deni: nimempelekea muuguzi nakala ya karatasi hii, na kila mwaka nitamwandikia mimi.

Baba, ujumbe wako tumeupokea. Tumeurudia mbele ya watu kama ulivyo, hatukuongeza neno wala hatukupunguza. Sasa zima redio, upumzike kwa amani.