Kapteni Digory Trevanion, Aliyefuata Boya la Melisande

Kapteni Digory Trevanion alizaliwa Fowey, Cornwall, tarehe 9 Machi 1868, mtoto wa pili wa Daktari Hannibal Trevanion na Bi Keziah. Mama yake alishikilia kwamba hakulia mpaka alipopelekwa dirishani akaiona bahari. Hatuna wa kumuuliza tena, kwa hiyo tunaliacha lilivyo.

Alisoma shule ya parokia, kisha akiwa na miaka kumi na mitatu akapelekwa kwenye meli ya mafunzo pale Dartmouth. Hesabu alizimudu vizuri. Dansi ilimshinda kabisa, na shahidi ni Bi Loveday Carlyon, aliyekanyagwa vidole kwenye karamu moja ya Bodmin. Alimsamehe, na wakafunga ndoa tarehe 3 Juni 1899. Walijaliwa binti mmoja, Morwenna.

Mwaka 1905 kikosi cha manowari nne za doria kiliundwa Devonport: Melisande, meli ya admirali, na nyuma yake Corisande, Rosamira na Belphoebe. Kwa miaka michache zilikuwa fahari ya bandari. Vita vilipofika zilikuwa zimeshachakaa, zikila makaa ya mawe na kwenda polepole. Marehemu alikuwa kapteni wa Corisande, na ndiye aliyepaswa kushika kikosi endapo Admirali Sir Hartley Vosper angeanguka.

Kwenye ukungu meli hizo hazikuwasha taa. Kila moja ilikokota boya kwa kamba ndefu, boya likarusha maji juu, na meli ya nyuma ikayafuata maji hayo. Alfajiri ya tarehe 14 Novemba 1914, katika Bahari ya Kaskazini, Corisande ilisikia mshindo mbele. Wote wakadhani ni mzinga wa ishara, maana admirali alikuwa na kawaida ya kuupiga ukungu ukizidi. Marehemu alimuuliza Hocking, mlinzi wa omo, kule mbele kabisa ya meli, kama boya bado lipo.

"Lipo, afande. Linapiga chafya kama shangazi yangu kanisani."

"Basi usiliache."

Walilifuata mpaka mchana, likiwapeleka kushoto na kulia bila sababu waliyoielewa. Ukungu ulipofunguka, mbele hapakuwa na boya wala meli. Melisande ilikuwa imegonga bomu la majini alfajiri ile, ikazama na watu wake wote. Meli tatu zilizobaki zilikuwa zimepita katikati ya mabomu yaliyotegwa, na hakuna iliyoguswa.

Mwenyekiti wa baraza la uchunguzi alimpongeza marehemu kwa uongozi wake.

"Sikuongoza, bwana. Nilifuata."

"Ulifuata nini, Kapteni?"

"Boya la Melisande."

"Melisande ilikuwa chini ya bahari."

"Najua hivyo sasa, bwana."

Alikabidhiwa kikosi hata hivyo, akakiongoza mpaka mwisho wa vita. Lakini hakukubali kukaa mbele. Corisande ilibaki ya pili, na mbele yake paliachwa nafasi ya meli moja. Makapteni vijana walimcheka kwenye karamu zao. Ukungu ukishuka, hakuna aliyecheka.

Alistaafu mwaka 1919, wakahamia Lostwithiel. Hapo ndipo Bi Loveday alipojua amerudishiwa mume nusu. Asubuhi za ukungu alimkuta ametoka na ndara zake, anashuka kuelekea mtoni kwa mwendo ule ule wa kufuata boya, amekazia macho kitu mbele yake. Kumwita hakukusaidia. Kumshika mkono alikataa kwa upole. Mwishowe Bi Loveday alimpita, akatembea mbele yake, akageukia kilimani, na mzee akamfuata mpaka jikoni akaomba chai. Kwa miaka kumi na miwili, kila ukungu uliposhuka, mama huyu alivaa viatu akatangulia. Jirani mmoja alimtania kwamba anamfuga kapteni kama bata.

"Bata anajua njia ya nyumbani," alimjibu. "Huyu wangu kuna wengine wanamwita."

Alikuwa na hofu, na hakuificha.

Mapafu yalianza kumsumbua marehemu majira ya baridi ya mwaka jana. Alifariki tarehe 22 Aprili 1931, adhuhuri, jua likiwaka. Kabla ya hapo alimwambia mkewe, "Loveday, Melisande imepunguza mwendo. Inanisubiri."

"Acha isubiri. Mbele yako nipo mimi."

"Sikuoni."

Bi Loveday aliinuka, akasimama miguuni pa kitanda, akampa mgongo. "Haya, mzee. Twende nyumbani."

"Nipo nyuma yako," alisema, na hakusema tena.

Wenzake wa zamani waliomba azikwe baharini, pale ilipozama Melisande. Walikuja kwa heshima na tunawashukuru. Bi Loveday aliwaambia mifupa ni yake. Ndiyo maana tumekuja huku juu, mahali bahari haionekani.

Marehemu ameacha mjane, Bi Loveday, binti, Morwenna, na mkwe, Bwana Petherick Rowse, wajukuu wawili, na dada yake, Bi Thomasine.

Mjane ameomba jambo moja. Desturi ni jeneza kutangulia, lakini leo, kutoka kanisani mpaka kaburini, atatangulia yeye. Kama mnavyoona, ukungu umeshafika getini. Tunaombwa tusimpite, na tusiangalie kama kuna kitu mbele yake.

Kapteni Trevanion apumzike nchi kavu, kwa amani.