Eda Haina Kiti

Jumatatu, tarehe nane Aprili mwaka 2013, saa kumi kasoro za mchana, adhana ya alasiri haijamalizika katika msikiti wa mtaa wetu hapa Hindawiya, ndipo baba yenu Abdalla aliponiachia mkono. Sikilizeni wanangu, maana nitakayoyasema leo yanaanzia hapo. Murad, punguza hicho kiyoyozi, kinanishinda sauti. Nusra, wewe kaa hapo hapo ulipo kwa sasa. Nitakwambia wakati wa kuinuka.

Nasema nikiwa na akili zangu, na kifuani sina kinyongo na mtu. Madaktari wanasema moyo huu umechoka, nami siwabishii, maana umenitumikia tangu Unguja, tangu wazee wangu waliponileta Jidda mwaka wa sitini na nne nikiwa kigoli, na deni langu kwake ni shukrani tu. Miaka sita nimeishi bila baba yenu, na miaka hiyo nimeiishi kwa miguu yangu mwenyewe, nimesali nimesimama, nimewaona wajukuu. Haikuwa iwe hivyo. Ilikuwa nimfuate mwaka ule ule.

Mnakumbuka. Baba yenu alipozikwa niliingia eda, na kwa kuwa tangu utoto nilisikia wakubwa wakisema fulani amekaa eda, nami nikakaa. Nilikaa kwelikweli. Godoro likaegemezwa ukutani, chai ikanifuata, wali ukanifuata, hata beseni la kunawia likanifuata. Wewe Nusra ulitoka Riyadh, ukamwacha mumeo pale Malaz na watoto wake, ukaja kunilea kama yai, na kila nilipotaka kuinuka ukanirudisha chini, mama tulia, mama uko eda. Wageni wakaja na tende na halua, nami nikala, kwani tonge la mfariji hulikataaje? Kabla ya mwezi wa pili miguu ilikuwa inawaka, macho yana ukungu, usiku nakojoa mpaka alfajiri, na sukari iliyokuwa imetulia miaka mingi imepanda mpaka mashine ikagoma kuisoma.

Aliyeniinua ni Selipher, yule msichana wetu wa kazi kutoka Kakamega, ambaye Murad ndiye aliyekuwa kafili wake, mdhamini wa kibali chake. Hakunifundisha kitu, Mungu amlipe, alinihadaa tu. Alikuja alasiri moja na beseni la mashuka, akasema, "Mama, hizi ni nzito, nishikie upande moja twende tuanike." Nikamwambia, mimi niko eda. Akasema, "Sasa mama, si paa ni ya nyumba yako? Ama ni ya jirani?" Nikacheka, nikapanda ngazi. Kesho yake akawa na mashuka tena. Siku ya tatu nikamuuliza, Selipher, nyumba hii ina vitanda vingapi? Akainama akacheka, na beseni lake la mashuka safi aliyoyalowesha makusudi.

Nusra ukatukuta huko juu. Ulisema, nami nilikuwa nimesimama baina yenu, "Mafi akili, huna akili wewe! Mama mjane unampandisha juu ya nyumba kama mwanga, kama mchawi! Hujui kuwa mtembezi hula miguu yake?" Naye akakujibu, "Pole madam, lakini hiyo miguu ya mama ni mimi naosha, na imevimba." Ukamwambia Mkristo hajui eda. Akashuka na beseni lake, na nilimsikia akilia jikoni. Nami nikarudi kwenye godoro langu, nikihofia Mola wangu.

Baada ya siku chache nilianguka msalani. Murad akanipeleka zahanati, kwa kuwa kutoka kwa ajili ya matibabu sheria inaruhusu, na pale tukamkuta daktari wa Kisudani, mzee mwenye miwani imefungwa kwa uzi. Akaniuliza, "Hajja, unatembea?" Nikamjibu kwa Kiarabu, nikakigeuza Kiswahili chetu neno kwa neno, kwamba astaghfirullah, mimi nimeketi juu ya eda. Akavua miwani. "Umeketi juu ya nini? Eda ni hesabu, Hajja. Ni siku za kuhesabiwa. Kiti umekitoa wapi?"

Wallahi kweli. Neno lenyewe la Kiarabu halina kiti. Kiti tulikiweka sisi.

Usiku huo Nusra, kwa kuwa hukuamini, ulimpigia simu shehe wetu, naye akasema yale yale: alale nyumbani kwake, asijipambe, asiolewe mpaka siku zake ziishe, lakini kutembea ndani ya nyumba yake nani kamkataza? Basi nikamaliza eda yangu nikizunguka matangi ya maji juu ya paa, jua likishapoa, tasbihi mkononi, Selipher nyuma yangu akiimba nyimbo za kwao kwa sauti ya chini asiwaudhi majirani. Daktari alinieleza kuwa mwili ukitembea, nyama za miguu huila ile sukari, ukikaa hubaki damuni kama mgeni asiyeaga. Sikuacha dawa hata siku moja, na nyinyi msije mkaacha, kwani kutembea ni mwenza wa dawa, si mrithi wake. Ni yeye daktari aliyepunguza sindano za sukari, si mimi. Presha ikashuka. Usingizi ukarudi, na huzuni nayo, sijui niseme vipi, huzuni haikuondoka ila ilijifunza kutembea nami badala ya kunikalia kifuani.

Eda ilipokwisha nikanunua raba nyeupe, nikazivaa chini ya baibui, nikatoka mtaani. Majirani wa Kiunguja wakapeana habari, "Mjane wa Abdalla siku hizi anatembea!" na mnajua neno hilo kwetu lina mkia. Shoga yangu mmoja akaja kuniuliza kwa siri, natembea na nani? Nikamwambia, na Selipher, na kesho tutatembea nawe. Alikuja kweli, na magoti yake mabovu, na mpaka leo anakwenda.

Sasa wosia wenyewe. Mirathi Mwenyezi Mungu ameshaigawa, sina ruhusa ya kuigeuza, na nyinyi msigombee cherehani yangu. Ila katika theluthi yangu ninayoruhusiwa kuusia, bangili yangu ile nyembamba apelekewe Selipher kwao. Naye Nusra ampigie kabla bangili haijafika. Usitume ujumbe, mwanangu, piga, aisikie sauti yako. Neno lile la juu ya paa bado linalia jikoni.

Lipo la pili, na hili ndilo lililonizuia nisife jana. Nusra, nimekuona. Sukari yangu umeirithi kabla ya mirathi. Juzi ulikanyaga maji ya moto yaliyomwagika, yakakubabua kidole cha mguu, wala hukushtuka. Tangu niugue umekaa kando ya kitanda hiki asubuhi mpaka usiku, unakula mabaki yangu, na nikifa utakaa matanga, kisha utakaa na majonzi. Ulisema mtembezi hula miguu yake. Kwa ugonjwa wetu, mwanangu, mkaaji ndiye anayeliwa miguu. Onyesha hicho kidole kwa daktari kesho, kesho hiyo hiyo. Kisha uanze polepole, usitembee pekupeku, tia tende mbili mfukoni sukari isije ikakuangusha, na kifua kikibana simama.

Chini ya kitanda mna raba mpya. Si mirathi, nilizinunua kwa ajili yako, kwa saizi yako. Murad usinune, mguu wako ule hata duka halina.

Murad... mnichukue kwa miguu mpaka makaburini, kama si mbali. Na wanawake wasinikalie. Waniombee huku wanatembea, hata kama ni ukumbini.

Nipe maji. Inatosha.

Radhi zangu mnazo, nyote wawili, za dunia na akhera. Sasa, Nusra. Sasa inuka. Vaa hizo raba. Macho hayaoni tena vizuri, nataka nisikie. Zunguka chumba... usilie, zunguka tu. Ndiyo. Zinalia kama za kwangu zilipokuwa mpya. Usisimame nikinyamaza.

Ewe Mola... mrehemu Abdalla... mpanulie kaburi lake, mtilie nuru... msamehe alilolijua na asilolijua... na miguu yake iliyonitafutia riziki, ipe kupita daraja la Sirati bila kuteleza... Amin... Amin.