Mkono Ubavuni: Maisha ya Daktari wa Farasi Aliyeogopa Sindano

Ndugu zetu, jirani zetu, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka mabandani na majani makavu bado yamewaganda kwenye viatu, karibuni sana. Hata yeye angewapokea hivyo hivyo.

Kaka yetu mkubwa, ambaye wengi mlimwita Daktari Pumzi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, kifungua mimba wa baba aliyegawa maziwa na mama fundi cherehani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na ukuta wa jikoni ndio huo huo ukuta wa banda la farasi aliyevuta gari la maziwa. Mama alikuwa akisema mwanawe alizoea sauti ya farasi kabla ya sauti yake yeye, na wala hakuona wivu. Alipoanza kutembea, akitafutwa alikutwa bandani, sikio amelibandika ubavuni mwa farasi.

"Unasikiliza nini huko, redio?" Mama alimuuliza.

"Kuna upepo humu ndani, Mama."

"Toka haraka, upepo huo una mateke."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972. Alikuwa mtoto mtulivu, isipokuwa siku ya chanjo. Muuguzi alipofungua tu sanduku lake, marehemu aliruka dirisha akaenda kujibanza nyuma ya mbao za seremala wa jirani. Mama alimrudisha amemshika mkono, kilio kikifika darasani kabla yao. Mwalimu mkuu akatangaza mbele ya wote kwamba mtoto huyu anaweza kuwa chochote duniani, ila daktari. Nadhani Mungu alisikia, akatabasamu. Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1978, na Novemba 1984 alihitimu chuo cha tiba ya mifugo. Kumchoma ng'ombe sindano hakukumsumbua hata kidogo. Kuchomwa yeye ndiko kulikomtoa jasho, na hilo halikumwisha mpaka mwisho.

Alifanya kazi katika ofisi ya mifugo kwa miaka mitano, kisha akaenda kusomea tiba ya sindano, ile iitwayo akupancha, ambamo mnyama huchomekwa visindano vyembamba sehemu maalumu za mwili. Alirudi na sindano zake ndani ya kopo la biskuti. Wenzake ofisini wakamuuliza, "Sasa umerudi daktari au umerudi fundi cherehani kama mama yako?" Alicheka pamoja nao, maana alikuwa mtu wa kucheka, halafu akawaomba wakisikia farasi yeyote anayepumua kwa shida wamwambie.

Mwaka 1991 walimwambia. Katika shule moja ya kufundisha watoto kupanda farasi alikuwako dume mzee aliyeitwa Jemadari. Kifua kilimbana, akikohoa mpaka magoti yanatetemeka, na tumbo likibonyea kila akivuta pumzi. Mwenye shule alikuwa amekata shauri: mwezi ukiisha bila nafuu, Jemadari adungwe ile dawa ya kumlaza moja kwa moja, asiendelee kuteseka. Hivyo marehemu alifika na kopo lake, akamkuta mtunza farasi, binti mmoja mwenye buti za mpira, amesimama mlangoni mwa banda na uma wa nyasi mkononi.

"Farasi hana pumzi, na dawa yako ni kumtoboa?" binti aliuliza. "Kwani huyu tairi?"

"Dada, ni nyembamba, wala hazina dawa ndani. Zinamtuliza. Akitulia, huenda na kifua kikalegea."

"Basi jichome wewe kwanza, nione unavyotulia."

Marehemu alitazama sindano, akamtazama Jemadari ambaye siku zake zilikuwa zikiyoyoma, akaanza kutoka jasho. Kisha akajichoma mwenyewe, hapa kati ya kidole gumba na cha shahada. "Unaona, dada? Hakuna kitu," akasema, akaenda chini kama gunia. Jemadari aliinama akamnusa, akamkoholea usoni. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kikohozi hicho ni kikavu." Binti alicheka mpaka akashikilia mlango. Akasema, "Daktari anayezirai kwa ajili ya farasi wangu, mwacheni apite."

Kazi yake ilikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuacha hata siku moja. Kabla ya sindano ya kwanza aliweka kiganja ubavuni mwa farasi, akafumba macho, akapumua naye. Farasi akihema haraka, naye haraka. Halafu pole pole anapunguza, anapunguza, mpaka farasi anamfuata. Siku ile alimwambia binti aweke mkono wake upande wa pili. Wakapumua watatu. Ndipo akachomeka sindano zake, shingoni, nyuma ya bega na kando ya uti wa mgongo, na Jemadari akateremsha kichwa, mdomo wa chini ukaning'inia kama mzee anayesinzia ibadani.

Lakini hakuwadanganya. "Mimi siponyi," alisema. "Nampunguzia mzigo. Dawa zake aendelee nazo. Nyasi ziloweshwe maji kabla ya kula, madirisha yafunguliwe, na msifagie akiwa ndani. Vumbi likirudi, na mimi mtaniona." Binti yule, ambaye leo ni wifi yetu, husema vumbi halikurudi, ila daktari alirudi kila wiki.

Mwezi ulipoisha, mwenye shule alikuja akasimama, akasikiliza kifua cha Jemadari, akaondoka bila kusema chochote kuhusu kumlaza. Jemadari hakukimbia tena, lakini alibeba watoto wadogo kuzunguka uwanja kwa miaka mingine tisa. Watu wakizisifu sindano, marehemu aliwaambia, "Na dirisha je? Lishukuruni na dirisha."

Alifunga ndoa na binti yule wa buti za mpira Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1992. Mungu akawajalia mtoto wa kike na wa kiume. Nyumba yao mnaijua: madirisha wazi, masika na kiangazi, wageni tukinywa chai na makoti yetu mwilini.

Mwaka 2022 mapafu ya marehemu yalianza kukakamaa. Hospitali alichomwa karibu kila siku, na kila siku alibembeleza.

"Mwanangu, ya kumeza hakuna?"

"Babu, si wewe uliyekuwa unachoma farasi?" muuguzi alimuuliza.

"Farasi hajui kinachokuja. Mimi najua."

Basi wifi yetu akavuta kiti, akaweka kiganja ubavuni mwake, akapumua naye, haraka kwanza, kisha pole pole. Muuguzi alijifunza kusubiri mpaka mzee amfuate mkewe, ndipo anachoma. Marehemu alilalamika kidogo tu kwamba mkewe anamfanya Jemadari. "Jemadari hakuwa na maneno mengi," mkewe alimjibu.

Aliomba arudishwe nyumbani, akarudishwa. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Machi 2025, aliomba dirisha lifunguliwe zaidi, nalo lilikuwa limekwisha kufunguliwa lote. Akacheka kwa macho. Mkewe aliweka mkono mahali pake, wakapumua pamoja, pole, pole zaidi, kwa namna aliyomfundisha mwenyewe bandani. Wifi anasema hakujua ni pumzi ipi ilikuwa ya mwisho. Alipotambua, alikuwa akipumua peke yake. Sala yetu ya miaka mitatu ilikuwa moja tu, kwamba asiondoke akihangaikia hewa. Mungu ametujibu.

Marehemu ameacha mjane, binti ambaye ni mwalimu, mwana ambaye ni fundi umeme, mkwe mmoja, wajukuu watatu, mdogo wake wa kiume, na mimi dada yake, kitinda mimba. Ameacha pia farasi kadhaa wenye vifua vibovu. Wenye farasi hao mko hapa: lowesheni nyasi.

Dirisha la chumba chake bado li wazi, na wifi amesema lisifungwe. Kaka yetu, lala salama mikononi mwa Yule aliyekupa pumzi ya kwanza, kifua kimetulia, na sindano hakuna tena.